Mayai ya Daktari na Uso wa Mwanangu

Jumatatu, 4 Machi

Leo natimiza miezi mitano tangu niondoke nyumbani. Niliondoka kwenda nchi ya watu kujenga maghorofa. Nimeishia kulea mayai.

Karatasi ya kampuni ilisema "ujenzi na kazi nyinginezo." Mimi nikasoma "ujenzi" kwa sauti, "nyinginezo" nikairuka. Ghorofa la kwanza lilipokwisha wakatugawa kama nguo za mtumba – wengine ghalani, wengine hospitali, mimi jengo la utafiti. Napiga deki korido. Naosha vyombo vya kioo. Natia maji kwenye mashine ya kuatamia mayai, maana ndani yake lazima kuwe na joto na unyevu kama kwapani. Mayai ya kuku, trei juu ya trei. Hayaliwi! Wala hayaachwi yatotoe. Daktari anayakata kidirisha kwa juu, anachungulia, anafanya mambo yake, anaziba kwa selotepu, anayarudisha. Si daktari wa sindano, ni daktari wa kusoma. Mwanamke mwembamba, viatu vya raba, anakula mkate amesimama.

Ninayelala naye chumba kimoja ni fundi umeme. Namwita Profesa kwa sababu hakuna asichokijua, na robo ya anayoyajua ni kweli. Leo nilipomweleza kazi yangu mpya alicheka mpaka akashika kitanda. Wenzako wanabeba vyuma, wewe umetumwa kuatamia! Mama Kuku! Hadi jioni mlinzi wa getini naye ananiita hivyo hivyo.

Mke wangu kapiga simu. Tumbo sasa linaonekana hata akivaa khanga mbili. Mtoto wetu wa kwanza huyu, na baba yake hajaliona tumbo lenyewe, anasimuliwa tu. Aligundua ana mimba wiki chache baada ya mimi kupanda basi. Anakaa kwa mama yangu. Nilimsikia Mama kwa nyuma akimwambia aache kuzungumza amesimama, akae, mjukuu wake atachoka.

Ijumaa, 8 Machi

Daktari amesafiri kwenda mkutanoni, anarudi Jumatatu. Nimegundua jambo. Mkono wa mashine unaogeuza mayai umesimama! Hakuna mngurumo, hakuna kitu. Mayai yametulia vilevile tangu jana, selotepu juu.

Sasa mimi sikusoma, lakini kuku nawajua. Mama anafuga. Kuku anayeatamia hageuzi macho tu pale, anageuza na mayai, kwa mdomo, kutwa. Yasipogeuzwa yanaharibika. Nikamtafuta msimamizi wetu wa kampuni nimwambie mashine imekufa. Akajibu bila kuniangalia kwamba yeye anasimamia ndoo na mifagio.

Basi nimeyageuza mwenyewe. Kwa mkono, moja moja, taratibu, kama mkunga. Asubuhi na alasiri. Na kesho nitakuja ingawa si zamu yangu. Najisikia mtu wa maana kwa mara ya kwanza tangu nifike hapa.

Jumatatu, 11 Machi

Mtu wa maana! Mjinga wa maana.

Daktari aliingia saa mbili, begi bado begani. Nilikuwa nikimsubiri mlangoni, nimenyoosha koti la kazi. Nikamwambia: mashine yako ilikufa, lakini usiwe na wasiwasi, mayai nimeyageuza yote, hata Jumamosi na Jumapili. Nikatabasamu. Nilikuwa nangoja asante, sitaficha.

Akafungua mashine. Akavuta trei ya juu. Selotepu zimebanduka, ute umevuja, mengine yamegandana na trei. Akaketi kwenye kile kigoda. Akasema polepole kwamba mkono wa mashine aliuzima yeye mwenyewe. Yai likishakatwa dirisha haligeuzwi. Linakaa dirisha juu, basi. Ukiligeuza, kilichomo ndani kinakwama kwenye tundu na kufa.

– Nani alikwambia ugeuze? akauliza.

– Kuku, nikasema.

Naapa ndilo jibu nililotoa. Kuku.

Akaniangalia muda mrefu. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na mpaka sasa sijui kama alikuwa akilia au akicheka. Nadhani alianza na kimoja akamalizia na kingine. Akanituma nikalete ndoo.

Profesa, nilipomsimulia: Mama Kuku amewaua watoto wake! Kisha akaona uso wangu, akanimiminia chai, akanyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo lililonitisha zaidi.

Jumanne, 12 Machi

Sikufukuzwa. Afadhali angenifukuza asubuhi, ningekula vizuri mchana.

Aliniita akaniambia: njoo uone ulichokuwa unakigeuza. Mayai machache ya trei ya chini yamesalimika, labda kwa kuwa mkono wangu ulichoka kabla ya kufika kule. Kasema hawezi kuniandikia onyo mlangoni "Usiguse" nikaelewa. Lazima nijue ni kwa nini. Akaweka yai moja chini ya hadubini, akanionyesha pa kutia jicho.

Mwanzoni niliona kope zangu. Halafu nikaona.

Kitu kidogo kilichopinda kama herufi. Hakina manyoya, hakina mdomo. Lakini katikati – moyo! Mwekundu, mdogo kuliko chembe ya mtama, unadunda. Unadunda kwa nani? Mimi nilishika maganda kama lile siku tatu, sikujua kuna mtu anagonga ndani.

Kisha akazima taa ya kawaida akawasha nyingine. Giza, na ndani ya giza nukta za kijani zinang'aa kichwani mwa yule kiumbe. Nikauliza ni ugonjwa? Akacheka kweli safari hii. Akaeleza, na nilimwomba arudie, naye akarudia, tena na tena. Ninavyoelewa ni hivi. Kila seli ya mwili ina maelekezo yote ya kutengeneza mwili mzima. Yote! Seli ya jicho ina maelekezo ya ini, seli ya ini ina maelekezo ya ukucha. Kinachozitofautisha ni yapi yamewashwa na yapi yamezimwa. Jeni ni kama taa, na kila taa ina swichi zake. Yeye anachunguza swichi moja tu. Ameiunganisha na rangi ya kijani. Ikiwaka katika seli, seli inang'aa, anajua: hapa, saa hii, imewashwa.

Nimerudi chumbani nimekitazama kisigino changu. Kumbe kina maelekezo ya kutengeneza ubongo! Mwalimu wangu wa hesabu alishuku kwa muda mrefu kwamba ubongo wangu unatumia maelekezo ya kisigino.

Jumapili, 17 Machi

Siku ya kufua. Nimemweleza Profesa habari za swichi, nikidhani nitamshangaza. Hakushangaa. Umeme ndio kazi yake.

Akauliza: na swichi hizo ziko karibu na taa au mbali? Nikasema Daktari kasema nyingine ziko mbali sana na jeni yake, huko kwingine kabisa kwenye uzi unaobeba maelekezo yote. Uzi unajikunja mpaka swichi inaigusa.

– Sasa wewe unashangaa nini? Swichi ya taa ya choo chetu iko wapi?

Iko jikoni, nyuma ya mtungi wa gesi. Aliyejenga bweni hili anajua kwa nini. Kila mgeni anapapasa ukuta wa choo mpaka anajikojolea. Profesa kasema: basi na wewe umejengwa na mkandarasi huyohuyo.

Tumecheka. Lakini kuna jambo Daktari alisema ambalo halinichekeshi. Zile seli za kijani hazizaliwi usoni. Zinazaliwa nyuma, kisogoni, halafu zinatembea kuja mbele kujenga uso. Taya, pua, mdomo. Uso wote huu tunaojivunia umejengwa na wahamiaji! Siku ya tatu tu tangu yai liatamiwe, seli imeshajua itakuwa nini na inaelekea wapi. Mimi nina miaka thelathini na minne na bado naandika "kibarua" penye nafasi ya kazi.

Alhamisi, 21 Machi

Mke wangu amepimwa ultrasaundi. Mtoto wa kike. Mzima. Anacheza. Lakini mdomo wa juu una mpasuko, upande wa kushoto. Haukuungana.

Nimeuliza, mtaalamu kasema nini? Kasema itashonwa akizaliwa. Kisha tukasikilizana tukipumua mpaka salio likaisha.

Ijumaa, 22 Machi

Mama kapiga kabla sijavaa viatu.

– Mwanangu, mimi sitaki kuingilia.

Akisema hivyo kaza mkanda. Anasema Januari, mwezi wa kwanza, sokoni, mke wangu alimcheka mtu mwenye mdomo kama huo. Aliona kwa macho yake. Na hilo ndilo lililompata mtoto. Anasema kwao hakuna kitu cha namna hii, kwa baba yangu hakuna, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Ameshamwambia mke wangu. Ameshawaambia majirani.

Nikasema: Mama, lakini. Akasema: lakini nini? Nikasema: hakuna, Mama, shikamoo. Wakati shikamoo nilishaitoa mwanzoni!

Mke wangu akapiga baadaye. Anasema hakumcheka mtu. Alivicheka viatu vya muuza viatu aliyevaa jozi mbili tofauti. Anataka nimwambie mama yangu. Neno moja tu, Baba Mtoto, ukilisema wewe ataacha. Nikasema nitasema.

Jumatatu, 25 Machi

Nimengoja Daktari amalize mayai mapya. Sasa yana karatasi kubwa: HAYAGEUZWI. Chini yake mtu amechora kuku mwenye koti la kazi. Namjua mchoraji, analala kitanda cha pili.

Nikamuuliza. Sikuzunguka. Nikasema mwanangu hajaungana mdomo, ni nani aliyekosea?

Aliweka koleo chini. Akavua glavu. Akachukua maganda matatu ya mayai kwenye takataka, akayapanga mezani: moja katikati, mawili pembeni. Uso unaanza vipande, akasema. Hiki cha kati kinashuka kutoka juu, hivi vinakuja kutoka pembeni, vinakutana chini ya pua na kushikana. Ili vikue vikutane, swichi nyingi lazima ziwake kwa zamu, mahali pake, kwa wakati wake. Nyingine zizime. Moja ikichelewa kidogo, au seli zikifika pungufu, vipande vinapitana bila kushikana. Basi. Na mwili hausubiri. Vinaendelea kukua hivyohivyo.

– Lini?

– Wiki ya sita, ya saba tangu mimba kutungwa.

Nikahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Mwezi wa kumi na moja! Mama anasema soko la mwezi wa kwanza. Kufikia mwezi wa kwanza mdomo wa mwanangu ulishakwisha kuamuliwa, uko ndani umekaa. Mke wangu angecheka dunia nzima isingehusu.

Lakini basi ni nini? nikamwuliza. Ni damu yangu? Ni yake? Akasema wakati mwingine ni jeni, wakati mwingine dawa fulani, au sigara, au lishe, mara nyingi ni vitu vidogo vingi pamoja, na kwa mtu mmoja mmoja mara nyingi hatujui. Hatujui! Amesoma tangu nikiwa darasa la tatu ili aniambie hatujui. Nilikasirika kidogo. Halafu nikaona kwamba Mama ndiye pekee anayejua kwa uhakika, na Mama hakwenda shule kabisa.

Daktari kasema mtoto atashonwa akiwa na miezi michache. Atanyonya kwa tabu mwanzoni, kuna chupa maalumu, wamuulize nesi. Amenipa yale maganda matatu. Sijui kwa nini nimeyachukua. Yamevunjikia mfukoni.

Jumapili, 31 Machi

Nimempigia Mama. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni, na Profesa akicheza nafasi ya Mama, taulo kichwani. Alikuwa mkali kuliko Mama mwenyewe. Nilimshinda!

Mama mwenyewe akapokea. Nikaanza na maganda ya mayai. Akauliza kama nakula vizuri. Nikasema seli zinatembea kutoka nyuma. Akauliza kwani huko mnapewa nini cha kunywa. Nikasema ni swichi, Mama, swichi zinachelewa. Akasema: mwanangu, kama ni umeme mwambie huyo rafiki yako fundi, na wewe ulale mapema.

Profesa alikuwa amekaa kitandani anasikiliza. Hakucheka. Kasema: umempa maelekezo yote ya mwili mzima isipokuwa lile moja.

Jumatano, 17 Aprili

Wiki mbili sijaandika. Hakukuwa na la kuandika isipokuwa uoga wangu, na huo una mwandiko mbaya.

Mke wangu amehama. Yuko kwa wazazi wake. Amechukua nguo zake na kitanda cha mtoto, kile nilichokipigilia misumari kabla sijaondoka, nikidhani ni cha mtoto wa dada yangu. Baba mkwe kakibeba mwenyewe kichwani. Mama aliwaita wanawake wawili wa mtaani, wakakaa sebuleni, wakamtaka mke wangu akiri alimcheka nani. Akiri ili mtoto asipate makubwa zaidi.

Ananieleza bila kulia. Ningependa alie. Anasema: sikulaumu kwa mama yako, mama ni mama. Nakulaumu kwa kimya chako. Ukija, ujue nyumba ya kubisha hodi.

Nimepiga deki korido ile ile mara mbili leo. Msimamizi kasema ameridhishwa na usafi.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimepata akili. Kwa maneno mengine, nimepata mtu wa kumtuma. Mjomba! Mdogo wa Mama wa kiume. Fundi cherehani, mtu wa mzaha, na Mama hamnyanyulii sauti. Nikampigia nimwombe akazungumze naye kwa niaba yangu. Mtu mzima natafuta mdomo wa kuazima.

– Mjomba!

– Mjomba! akajibu, kama kawaida yetu. Kuna nini? Ukipiga Jumamosi ujue kuna njaa au kuna kesi.

Nikamweleza yote. Mtoto, mdomo, soko, wanawake wa sebuleni. Cherehani ilikuwa inalia kwa nyuma. Ikasimama.

– Mama yako kasema kwao hakuna?

– Ndivyo alivyosema.

Akaanza kucheka, kicheko kirefu, chenye kikohozi.

– Mjomba, wewe unadhani masharubu yangu haya ni urembo?

Sikuelewa. Nayajua masharubu ya Mjomba tangu nizaliwe. Makubwa, meusi, anayapaka mafuta. Tulikuwa tukimtania kwamba anawindia panya. Akasema: chini yake kuna mshono. Nilishonwa nikiwa na miaka sita, na daktari mgeni aliyekuwa akipita, akanishona kama gunia. Tangu ndevu ziote sijawahi kunyoa. Mke wangu mwenyewe alinisubiri mwaka mzima wa ndoa kabla hajaniona.

– Na Mama anajua?

– Mama yako ndiye alikuwa akinilisha kwa kijiko.

Akasema mwenyewe, polepole, kwamba nisimchukie. Wakiwa wadogo watoto walikuwa wakimfuata Mama njiani, siyo yeye. Wakimwita dada wa sungura. Yeye Mjomba alikuwa anapigana, Mama alikuwa ananyamaza. Kisha akaniambia hatanisemea. Kasema: mimi nimejificha nyuma ya nywele miaka arobaini, wewe usijifiche nyuma yangu. Cherehani ikaanza tena.

Jumatatu, 22 Aprili

Nilikimbia kwa Daktari na ndoo mkononi. Nikamwambia nimepata! Ni kwetu! Kwa mama yangu! Hiyo ndiyo sababu!

Kanitazama kama siku ile ya "kuku." Akasema pengine. Ikiwepo kwenye ukoo uwezekano unaongezeka, lakini hata kwa mjomba wa baba ni kidogo tu, na haithibitishi. Inawezekana umepitisha swichi moja dhaifu, na wewe mwenyewe hukuonyesha. Inawezekana ni bahati tu. Nikasema lakini mimi nataka iwe ni mimi. Akauliza kwa nini. Nikasema nikiwa mimi, basi siyo mke wangu.

Akafikiri. Akasema hata isipokuwa wewe, bado siyo mke wako. Hilo ndilo analoweza kusema kwa uhakika wote alionao, kwamba kicheko hakizimi swichi. Akasema na bila ukoo wa mtu yeyote ungeweza kulisema hilo tangu mwezi wa tatu.

Ni kweli. Ningeweza. Ndoo ilikuwa nzito, nikaiweka chini.

Jumapili, 5 Mei

Nimemwambia Mama. Si kwa mazoezi wala taulo. Nikiwa nimesimama kwenye ngazi za nyuma, penye majivu ya sigara za wengine, nikasema: Mama, nimezungumza na Mjomba. Najua chini ya masharubu kuna nini.

Nilidhani atapiga kelele. Ningejua la kufanya na kelele; ningesema shikamoo. Hakupiga. Nilisikia kuku wake wakiparura nje ya mlango.

– Nani alimtuma kusema?

– Mimi nilimuuliza, Mama. Yawezekana ni kwetu. Yawezekana ni mimi niliyempa. Mkeo – nikakosea, nikasema mkeo badala ya mkwe wako, na hata hapo hakucheka – hakufanya kitu.

Akasema: wewe hujui walivyokuwa wakiniita. Nikasema Mjomba ameniambia. Akasema: hapana, hujui. Sikutaka mtu aseme imetoka kwangu. Sikutaka tena. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu mwingine, ya msichana. Kisha akakata.

Na mimi, bingwa wa ngazi za nyuma, nikagundua nimesema yote isipokuwa jambo ambalo mke wangu anangoja. Sikumwambia amwombe radhi. Nilimhurumia nikasahau. Hapana – nilimhurumia nikapata kisingizio.

Jumanne, 28 Mei

Mama hapokei simu. Dada yangu anasema yuko mzima, anafagia, anapika, hasemi na mtu. Wale wanawake wawili walikuja, hakuwafungulia.

Nimeomba ruhusa. Msimamizi kasema mkataba una mwaka mmoja, wewe una miezi minane. Ukienda, nafasi yako sikuahidi. Nikamwambia mtoto hazaliwi kwa mkataba. Maneno makubwa! Akaandika kitu, akapiga muhuri, akasema nenda, ukirudi utakuta tulichobakiza.

Daktari ameniita nione yai la mwisho kabla sijaondoka. Swichi yake imefanya kazi, kijani kimetembea kutoka kisogoni mpaka chini ya pua, pande zote mbili, vikakaribiana. Alikuwa na furaha, amesahau mkate mezani. Akauliza kama naona mahali vinapokutana. Nikasema naona. Sikuona vizuri, macho yalikuwa na maji. Hadubini ile inaumiza macho.

Jumatano, 12 Juni

Niko stendi kubwa. Begi moja na boksi la chupa maalumu za kunyonyeshea, Daktari ndiye aliyeniambia duka. Basi la kwanza linaondoka jioni, kisha kuvuka mpaka wa nchi, kisha basi la pili. Profesa kanisindikiza, akaondoka bila kuaga, akarudi na mkate, akaondoka tena bila kuaga.

Mke wangu kaandika saa hii. Uchungu umeanza mapema. Yuko wodini, dada yake yuko naye, nesi ameshaelezwa kuhusu mdomo na hana wasiwasi. Nikasoma, nikakaa juu ya boksi, nikasimama, nikakumbuka chupa.

Kisha ujumbe wa pili: "Mama yako yuko hapa. Amekuja peke yake. Amekaa kwenye benchi nje ya mlango tangu asubuhi, hasemi. Anataka kuingia. Nimruhusu?"

Nikaandika: "Amua wewe, mke wangu." Nikaiangalia. Ni maneno mazuri, ya mume muungwana. Ndiyo niliyokuwa nikiwaambia wote tangu Machi, kwa namna tofauti tofauti. Nikayafuta.

Nikampigia Mama. Hakupokea. Nikampigia tena. Akapokea, nilisikia tu korido ya hospitali, mtu akisukuma ndoo. Naijua sauti ya ndoo hiyo.

Nikasema: Mama, shikamoo. Kabla hujaingia, mwombe radhi mke wangu. Mbele ya dada yake. Umwambie hakumcheka mtu. Ukishindwa, ukae hapohapo kwenye benchi, na mimi nikifika nitaenda kwake kwanza.

Sikujua kama naweza kusema hivyo. Mama hakujibu. Hakukata pia. Nikasikia benchi likilia, kama mtu anainuka. Au anakaa vizuri. Halafu salio likaisha.

Wanaita abiria. Nikiwahi basi la pili, nategemea kufika Jumamosi kabla ya giza.